Kalamu ibaki mkononi mwa mwanafunzi: mwongozo kamili wa kuendesha kikao cha ushauri wa uandishi chuoni

Washauri wapya wa uandishi hukwama mahali pamoja. Mwanafunzi anakuja na kurasa kumi, mshauri anatoa kalamu, anaanza kusahihisha mstari wa kwanza, na muda unakwisha wakiwa bado ukurasa wa tatu. Mwanafunzi anashukuru kwa moyo wote. Muhula unaofuata anarudi na kazi nyingine yenye makosa yale yale, na safari hii anaomba aiache mezani ili aje kuichukua jioni ikiwa tayari.

Karibu kila swali ninaloletewa na wanaoanza kazi hii linatokea hapo. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua ndani ya kikao kimoja cha dakika 45, ana kwa ana, kwa mshauri wa chuo chochote cha Uganda: Makerere, Kyambogo, Gulu, Mbarara, au chuo ambacho kituo chake cha uandishi ni meza moja kwenye kona ya maktaba. Meza moja inatosha.

Kanuni inayoshika hatua zote ni kwamba kalamu haitoki mkononi mwa mwanafunzi. Ukiichukua, hata kwa sekunde kumi za kuongeza koma, amekwisha kuelewa nani ni mfanyakazi na nani ni mteja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Viti viwili upande mmoja wa meza. Mkikaa mkitazamana, karatasi inamwelekea mmoja tu, na huyo mmoja huwa mshauri.
- Penseli na karatasi tupu za mwanafunzi. Zako mwenyewe ziweke mbali kidogo.
- Swali la kazi kama mhadhiri alivyoliandika, si kama mwanafunzi anavyolikumbuka.
- Nakala iliyochapishwa ya kazi yenyewe. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, kikao kinaendelea.
- Saa inayoonekana na nyote wawili.
- Kamusi moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, za karatasi kama zipo.
- Mwongozo wa marejeo unaotumiwa na idara husika. Usikisie kwamba kila idara inatumia APA, mtindo wa marejeo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani.
- Fomu fupi ya kumbukumbu za kikao.
- Orodha ya watu wa kumwelekeza kwao: mkutubi, mshauri nasaha wa chuo, mtu wa kompyuta, ofisi ya shahada za uzamili.

Orodha hiyo ya mwisho washauri wengi huidharau. Siku mwanafunzi atakapokuambia kwamba hajaandika chochote kwa sababu ameshindwa kulipa ada, au amefiwa, ndipo utaijua thamani yake.

## Hatua ya 1: Soma swali kabla hajafika

Kama kituo chenu kina utaratibu wa miadi, omba swali la kazi litumwe siku moja kabla. Litazame kwa dakika tano tu na uwekee alama kitenzi chake. Eleza, jadili, linganisha na tathmini ni amri nne tofauti. Mwanafunzi aliyeulizwa atathmini akaeleza tu atapoteza alama hata kama kila sentensi yake imenyooka.

Kazi yenyewe usiisome mapema. Ukiisoma peke yako utafika ukiwa na hukumu mkononi, na kikao kitageuka hotuba yako. Ikiwa ni sura nzima ya tasnifu, tazama vichwa vidogo tu.

## Hatua ya 2: Salamu kwanza, halafu maswali manne

Hapa kwetu mtu hafunui karatasi kabla ya kusalimiana. Uliza habari za alikotoka, mpe nafasi ya kupumua. Wengi wanaingia wakiwa na aibu, maana wanaamini kituo cha uandishi ni cha walioshindwa. Dakika mbili za salamu hupunguza aibu hiyo kuliko maneno yoyote ya kumtia moyo.

Kisha uliza haya, kwa mpangilio huu:

1. Kazi hii ni ya somo gani, na inatakiwa lini?
2. Mhadhiri au msimamizi amekwambia nini juu yake?
3. Wewe mwenyewe unaona tatizo liko wapi?
4. Ukiondoka hapa leo, ungependa uwe umepata nini?

Jibu la swali la tatu karibu kila mara litakuwa "sarufi". Lipokee bila kubisha, liandikwe, lakini usilichukue kuwa ndilo jibu lenyewe. Sarufi ndilo jina ambalo wanafunzi wamefundishwa kulipa kila tatizo la uandishi. Mwenye hoja isiyoonekana atasema sarufi, na mwenye aya zilizopinduka atasema vilevile.

Jambo jingine la kuamua hapa ni lugha ya mazungumzo. Kazi huenda imeandikwa kwa Kiingereza, lakini si lazima mjadala uwe wa Kiingereza. Mwanafunzi aliyetoka Bukavu au Mwanza atafikiri vizuri zaidi kwa Kiswahili. Wa Masaka kwa Luganda, wa Kitgum kwa Kiacholi. Kama mnashiriki lugha, mwambie aeleze hoja yake kwa lugha hiyo, kisha aandike kwa lugha ya kazi. Wapo wanaodhani huko ni kumlegeza. Mimi naona kinyume chake: mtu akishajua anachotaka kusema, kutafuta maneno ya Kiingereza kunakuwa kazi ya dakika chache.

Ikifika dakika ya saba na unaweza kusema kwa sentensi moja kazi inataka nini na mwenyewe anataka nini, endelea. Kama huwezi, rudi kwenye swali la pili.

## Hatua ya 3: Mpatane juu ya mambo mawili

Dakika 45 haziwezi kubeba sura nzima. Mwambie wazi: "Leo tutashughulikia mambo mawili. Tuchague." Aandike yeye mwenyewe juu ya karatasi tupu.

Yakizidi mawili, hakuna litakaloshika. Na msipopatana mwanzoni, mwishoni ataona umeiacha kazi yake nusu. Mapatano haya yanakulinda wewe pia.

Angalizo: usiahidi alama. Usiseme "hii itapata alama nzuri", wala "hapa utafeli". Wewe si msahihishaji wa somo lile, na neno lako likipishana na la mhadhiri, atakayeumia ni mwanafunzi.

## Hatua ya 4: Asome kwa sauti

Mwambie asome ukurasa mmoja au miwili kwa sauti, wewe ukifuata kwa macho. Atajikwaa penye sentensi ndefu kupita kiasi. Atasoma neno ambalo halimo kwenye karatasi, kwa sababu ubongo wake umeliongeza. Atasimama ghafla na kusema, "Ah, hapa sijaeleweka." Ametambua mwenyewe.

Akijikwaa, usimkatize. Weka alama ndogo kwenye karatasi yako, si yake. Akimaliza, muulize ni wapi aliposikia pamegoma. Akitaja sehemu tatu kati ya tano ulizoziona wewe, hatua hii imefaulu na huna haja ya kumtajia mbili zilizobaki.

Mwenye haya sana asilazimishwe. Soma wewe polepole, bila kurekebisha kitu kwa sauti yako: soma kosa kama lilivyoandikwa.

## Hatua ya 5: Mambo makubwa kabla ya madogo

Hapa ndipo kikao kinapopata au kukosa maana, kwa hiyo ipe hatua hii angalau dakika 20.

Mambo makubwa ni matatu: je, kazi inajibu swali, je, ina hoja, je, aya zimepangwa kwa namna inayoibeba hoja hiyo. Sababu ya kuanza nayo ni ya kawaida kabisa. Ukianza kunyoosha sentensi za aya ya tatu, kisha mkagundua aya ya tatu haihitajiki, mmepoteza muda, na yeye atasita kuifuta kwa sababu sasa imekuwa nzuri.

### Zoezi la pambizo

Mpe penseli. Pembeni ya kila aya aandike maneno yasiyozidi sita yanayosema aya hiyo inafanya kazi gani. Si inahusu nini, bali inafanya nini: inadai, inathibitisha, inapinga, inatoa mfano.

Tuchukue mfano. Swali: "Tathmini mchango wa vyama vya ushirika katika kipato cha wakulima wadogo wa kahawa." Mwanafunzi ameandika aya tano. Pembeni anaandika:

- Aya ya 1: inasimulia kahawa ilivyoenea Uganda.
- Aya ya 2: inaeleza robusta na arabika.
- Aya ya 3: inafafanua maana ya chama cha ushirika.
- Aya ya 4: inaorodhesha shida za wakulima.
- Aya ya 5: inatoa mapendekezo.

Sasa muulize: "Ni aya gani inayotathmini?" Kisha nyamaza.

Ukimya huu ndio sehemu ngumu kuliko zote kwa mshauri mpya. Hesabu moyoni hadi kumi, hata kumi na tano. Wengi wametoka katika shule ambako mwalimu akiuliza na darasa likinyamaza, mwalimu hujijibu. Mwanafunzi anangoja ufanye hivyo. Usifanye.

Akishaona kwamba hakuna aya inayotathmini, usimpe hoja. Itafute kwake:

— Dada, mkulima wa Bugisu akikusimamisha sokoni akakuuliza, "Hiki chama kinanisaidia au hakinisaidii?", utamjibuje baada ya yote uliyoyasoma?

— Nitamwambia kinasaidia, lakini zaidi wale wenye kahawa nyingi. Mwenye mibuni michache hawezi kungoja malipo, anamuuzia mchuuzi anayekuja na pesa mkononi.

— Hiyo iko ukurasa gani?

— Haimo.

— Iandike sasa hivi, kama ulivyoisema.

Sentensi atakayoandika huenda ikawa na kasoro za lugha. Iache. Ni hoja yake ya kwanza katika kurasa zote hizo, na aya nyingine zitapangwa kuizunguka. Ile ya robusta na arabika ataifuta mwenyewe bila kuambiwa, au ataipunguza iwe sentensi moja inayosema arabika inalimwa milimani, Elgon na Rwenzori, ikiwa hilo lina uhusiano na bei.

### Ikiwa ni pendekezo la utafiti

Mapendekezo ya utafiti yana maradhi yake, na utayakuta mara nyingi kuliko insha.

La kwanza liko katika usuli. Vyuo vyetu vingi vinataka usuli wenye pande nne: wa kihistoria, wa kinadharia, wa kidhana na wa kimuktadha. Wanafunzi huandika vipande vinne visivyojuana. Wa kihistoria unaanza na Ugiriki ya kale, wa kimuktadha unaishia Wilaya ya Wakiso, na katikati hakuna daraja. Mwambie aandike swali lake la utafiti kwenye kipande cha karatasi, akiweke juu ya kila sehemu, na ajibu: "Sehemu hii inamsaidia msomaji kulielewa swali hili kwa namna gani?" Isiyoweza kujibiwa inakatwa.

La pili ni tatizo la utafiti lisilo tatizo. Kurasa mbili zinaeleza mada, lakini hakuna mahali panaposema nini hakijulikani, nani anaathirika, na kwa ushahidi gani. Mwombe akamilishe kwa mdomo sentensi hii: "Tunajua kwamba..., lakini hatujui kama..." Akishindwa, hiyo ndiyo kazi ya leo. Jedwali la mbinu lingoje.

La tatu ni ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu wanaochaguliwa kutoka kundi zima ili wachunguzwe. Karibu kila mtu ananakili jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970: watu 100, sampuli 80, watu 500, sampuli 217, watu 1,000, sampuli 278. Jedwali halina kosa. Kosa ni kulitumia katika utafiti wa mahojiano ya kina na watu kumi na wawili, au kulitaja bila kusema kundi zima lina watu wangapi na idadi hiyo imetoka wapi. Muulize hayo mawili. Ukiona swali limefika kwenye takwimu zenyewe, mwelekeze kwa msimamizi wake. Kujua mpaka wako ni sehemu ya kazi.

Hatua ya 5 imefaulu pale mwanafunzi anapoweza kuifunga karatasi na kukwambia hoja yake kwa pumzi moja, kisha akataja aya moja anayoihamisha au kuiondoa.

## Hatua ya 6: Lugha, kwa mtindo wa kosa na si kosa moja moja

Sasa sarufi aliyoiomba. Chagua mtindo mmoja wa kosa unaojirudia, usizidi miwili, na utangulize ule unaomzuia msomaji kuelewa.

Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, kuandika Kiswahili sanifu kumekuwa haja ya kazi kwa wengi wanaosomea ualimu. Utakutana sana na upatanisho wa ngeli: "vitabu zangu", "shule kubwa ile kinahitaji". Fanya hivi:

1. Mwonyeshe kosa la kwanza na mzungumzie sababu: vitabu vi-, kwa hiyo vyangu.
2. La pili mwonyeshe mstari tu, alitafute yeye, alirekebishe, aeleze.
3. La tatu mpe ukurasa mzima bila kumwambia lipo wapi.

Akipata kosa ambalo hata wewe hukuliona, mtindo huo ameushika. Nenda mbele.

Kwa waliokulia kwenye Luganda, sikiliza r na l. Katika tahajia ya Luganda, r huja baada ya e na i, na penginepo huandikwa l. Mwanafunzi akihamisha desturi hiyo, "barua" inakuwa "balua" na "elimu" inakuwa "erimu". Ukimwonyesha kwamba kosa lake lina kanuni, anaacha kujiona mjinga, na anajua mahali hasa pa kutazama anapohakiki.

Katika kazi za Kiingereza, kosa la kawaida ni mwalimu wa kike wa ukurasa wa kwanza kugeuka mwanamume ukurasa wa pili, kwa kuwa "yeye" wetu hauna jinsia. Dawa ni kuhakiki mara moja kwa ajili ya hilo tu: azungushe duara kila kiwakilishi na achore mstari hadi kwa mtu anayetajwa.

Onyo: usibadilishe msamiati wake ili usikike kama wako. Sentensi fupi iliyo sahihi haihitaji kurefushwa ili ionekane ya kisomi. Nimeona kazi safi zikiharibiwa na washauri wenye mapenzi mema waliotaka zipendeze.

## Hatua ya 7: Vyanzo, marejeo na maneno ya watu

Ukiona aya moja imebadilika sauti ghafla, lugha imekuwa laini na istilahi nzito zisizotokea kwingine, usituhumu. Uliza: "Hapa umemtumia nani?" Wengi hawajui kwamba kubadilisha maneno matano katika sentensi ya mtu bado ni kuichukua. Wamejifunza hivyo kwenye tasnifu za waliowatangulia.

Mfundishe kwa vitendo. Afunge chanzo. Akusimulie kilichosemwa. Aandike alichosimulia. Afungue tena, alinganishe, aweke jina la mwandishi na mwaka. Fanyeni mara moja mezani, ya pili atafanya peke yake.

Akija na ripoti ya Turnitin, programu inayolinganisha kazi na maandishi mengine, ana hofu ya asilimia ya kufanana, mwonyeshe kwamba namba peke yake haisemi wizi. Kichwa cha kazi, marejeo na nukuu zilizowekwa alama pia huhesabiwa, kutegemea mipangilio iliyochaguliwa. Fungueni sehemu zilizopakwa rangi, moja baada ya nyingine. Na mkataze kabisa kubadilisha maneno ili namba ishuke. Anaificha kasoro badala ya kuiondoa.

Kuhusu marejeo, kagua matatu tu kwa kina na umwachie mengine. Kama idara inatumia APA, hakikisha ni toleo lipi. Toleo la saba la APA linataka kazi yenye waandishi watatu au zaidi ifupishwe tangu kutajwa mara ya kwanza, na halitaki mji wa mchapishaji. La sita lilikuwa tofauti kwa yote mawili. Tasnifu za zamani kwenye rafu zinafuata la sita, na wanafunzi wanaziiga.

Majina yetu pia huleta utata. Hapa mara nyingi jina la ukoo hutangulia na la ubatizo hufuata, na mashine za kutengeneza marejeo huyapindua. Akague jinsi jina lilivyo kwenye orodha ya maktaba kabla ya kuandika.

Programu za akili mnemba zina swali lake: mhadhiri wa somo hili ameruhusu nini? Kama hajui, aende kuuliza kabla ya kuwasilisha. Kisha mtafute kila rejeo ambalo programu ilimpa, kwa kichwa chake, katika orodha ya maktaba au Google Scholar. Programu hizo hutunga makala ambazo hazipo, zikiwa na majina ya waandishi na kurasa. Rejeo lisilopatikana linaondoka, na dai lililolitegemea linatafutiwa ushahidi mwingine au linaondoka pamoja nalo.

## Hatua ya 8: Funga dakika ya 40

Usingoje saa iishe. Ikifika dakika ya 40, simamisha kazi hata kama mko katikati ya sentensi, na umwambie: "Andika mambo matatu utakayofanya, na siku ya kuyafanya."

Yaandikwe na yeye, kwa vitenzi. "Nitaboresha utangulizi" halina kazi ndani yake, mwombe alivunje. "Jumatano nitaandika upya aya ya kwanza ili hoja ya wachuuzi ionekane katika sentensi mbili za mwanzo" linafanyika.

Mwisho muulize alichojifunza ambacho atakitumia katika kazi nyingine. Akikosa jibu, sema wewe kwa ufupi kile ulichomwona akifanya vizuri, kwa kutaja mahali: "Ulipohamisha aya ya nne, hoja ilitokea."

## Hatua ya 9: Kumbukumbu

Andika mistari minne mara anapotoka: kazi ya somo gani, mambo mawili mliyochagua, alichokifanya, anachokwenda kufanya. Usiandike maoni juu ya akili yake wala mambo ya nyumbani aliyokusimulia.

Jina na namba ya usajili ni taarifa binafsi, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi na Faragha ya Taarifa ya mwaka 2019. Fomu zifungiwe. Mhadhiri akikuuliza kama mwanafunzi wake alikuja, jibu ni kwamba mwanafunzi mwenyewe ndiye wa kumwambia, isipokuwa alikwisha kutoa ridhaa.

## Hali zitakazokuyumbisha

Mwanafunzi mwenye umri wa mzazi wako. Walimu wakuu na maofisa wa wilaya hurudi kusoma uzamili wikendi au wakati wa likizo. Mwite "mwalimu" au "mzee" kama anavyozoea, na anza na anachokijua: ameendesha shule miaka mingi, ameandika barua na taarifa nyingi. Mwambie kwamba taarifa zile na tasnifu zinatofautiana mahali pamoja, yaani ushahidi wa kila dai, na mwanze hapo. Kumheshimu hakumaanishi kumwandikia. Akisema, "Mwanangu, nisaidie tu umalizie," mjibu kwa upole: "Mzee, nitakaa nawe mpaka sentensi hii ikae sawa, lakini uiandike wewe, maana siku ya kuitetea nitakuwa siko."

Kazi ya kuwasilisha kesho. Usianze mjadala wa hoja mpya. Hakikisheni swali limejibiwa katika utangulizi na hitimisho, rekebisheni mtindo mmoja wa kosa, kagueni marejeo, mwende. Mkaribishe arudi na kazi inayofuata mapema.

Kazi iliyonunuliwa. Vibanda vya kuchapa na kudurufu nje ya geti vinawahudumia wanafunzi kwa haki, lakini wapo wanaouza tasnifu nzima. Ukiuliza maswali ya kawaida na mwanafunzi hawezi kueleza data yake ilikusanywa wapi, mwambie ukweli bila kelele: "Siwezi kufanyia kazi maandishi ambayo huyamiliki. Tukianza na unachokijua wewe, nipo." Wengine huondoka. Wengine hukaa, na hao wanastahili muda wako wote.

Maoni ya msimamizi yasiyoeleweka. "Fanya upya", limeandikwa kwa wino mwekundu, hakuna zaidi. Usimseme msimamizi. Msaidie mwanafunzi kuuliza: aandike ujumbe mfupi wenye maswali mawili mahususi, kwa adabu, kwa mfano kama tatizo ni upana wa mada au ni mbinu. Msimamizi mwenye kazi nyingi hujibu swali mahususi upesi kuliko "sijaelewa, mwalimu".

Machozi. Weka karatasi pembeni. Mpe maji. Uliza kama angependa kuendelea au kuhamisha miadi. Ikiwa jambo ni zito kuliko kazi, ile orodha ya watu wa kuelekeza kwao iko tayari, na kama mnaweza, mpeleke mpaka mlangoni kwa mshauri nasaha.

Kikao cha mbali. Mtandao ukisuasua, acheni video. Faili moja ya Google Docs ambayo yeye ndiye anayeandika, na sauti kwa simu, vinatosha na havili bando. Kwenye WhatsApp usipokee faili la kusahihisha usiku. Pokea swali moja na aya moja, na ujibu kwa sauti ya dakika mbili.

Mwanafunzi anayerudi mara ya tatu. Anza na orodha aliyoandika mara iliyopita na umuulize lipi limefanyika. Kama hakuna, tafuteni kilichozuia kabla ya kufungua karatasi mpya. Kama yamefanyika, wewe punguza kuongea kuliko mara zilizopita: yeye achague mambo mawili, yeye afanye zoezi la pambizo, wewe usikilize. Siku atakapokuja na swali kama "Aya ya nne nimeihamisha mwanzoni, sikiliza kama inabeba," mpe dakika 15 badala ya 45, na zilizobaki mpe anayesubiri kwenye benchi.